Si Kila Mkono Ulioteguka ni wa Kukandwa

Mtu aangukapo, mkono ndio utanguliao chini. Hakufundishwa kufanya hivyo, wala hapati nafasi ya kufikiri. Mwili wenyewe wataka kuukinga uso na kifua, na kiganja hupokea uzito wote. Mkwezi akiteleza kutoka juu ya mnazi, mchumaji wa karafuu akivunjikiwa na tawi, fundi akidondoka kutoka jukwaani, kijana wa bodaboda akirushwa na pikipiki yake, wote hao aghalabu huanguka kwa namna moja: mkono umenyooka, kiganja kimekunjuliwa, na kifundo kimepindwa kwa nyuma. Mara nyingi matokeo ni michubuko na maumivu ya siku chache. Lakini mara nyingine lililotokea ndani ya kifundo ni kubwa kuliko lionekanavyo kwa nje, na hapo ndipo neno moja dogo la lugha yetu linapotuponza.

Neno hilo ni “kuteguka.” Kano iliyovutika kidogo twasema imeteguka, na mfupa uliotoka kabisa mahali pake, huo nao twasema umeteguka. Kwa kuwa jina ni moja, na dawa twaifanya moja: maji ya moto, mafuta, na mikono ya mkandaji. Kwa kano iliyovutika, mapumziko na subira hutosha. Kwa mfupa uliohama, kila siku ipitayo ni hasara kwa mwenye mkono. Makala haya yahusu mifupa midogo ya kifundo cha mkono: jinsi ihamavyo, jinsi ya kuitambua ikiwa imehama, na yapasayo kutendwa kabla wakati haujapita.

MIFUPA MINANE

Kifundo cha mkono si kiungo kimoja mfano wa bawaba ya mlango. Ndani yake mna mifupa midogo minane, iliyopangwa safu mbili za minne minne, baina ya mifupa miwili mirefu ya kigasha na ile ya kiganja. Kwa mpango huo mkono waweza kuinama, kuinuka, na kwenda upande huu na huu. Lakini penye viungo vingi pana pia nafasi nyingi za kuachana, na mifupa hiyo hushikwa pamoja na kano fupi zilizofungwa kutoka mfupa hadi mfupa.

Mfupa ulio muhimu kuliko yote katika habari hii hukaa katikati ya safu ya kwanza. Wataalamu wauita lunati, kwa neno la Kilatini lenye maana ya mwezi, kwa sababu ukitazamwa kwa ubavu una umbo la mwezi mwandamo. Mgongo wake wa mviringo hukaa juu ya ncha ya mfupa mkubwa wa kigasha, ule ulio upande wa gumba. Bonde lake hupokea kichwa cha mfupa mkubwa wa safu ya pili, uitwao kapitati, kama kikombe kipokeavyo yai. Jirani yake kwa upande wa gumba ni skafoidi, mfupa uliopewa jina hilo kwa kufananishwa na mtumbwi.

Mbele ya lunati, upande wa kiganja, pana njia nyembamba wanamopita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio uletao hisia katika gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Msomaji na aukumbuke mshipa huo, kwa kuwa tutaurudia.

JINSI MFUPA UHAMAVYO

Mwaka 1980 mpasuaji wa Marekani aitwaye Mayfield, pamoja na wenzake, walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa mikono ya maiti ili kujua kano hukatika kwa utaratibu gani mtu aangukiapo kiganja. Waliona kwamba madhara huanza upande wa gumba na kuuzunguka mfupa wa lunati hatua kwa hatua. Kwanza hukatika kano ziunganishazo skafoidi na lunati. Kisha kapitati huachana na lunati. Hatua ya tatu, kano za upande wa kidole cha mwisho nazo hukatika. Hapo mkono wote, pamoja na mifupa mingine ya kifundo, huweza kurudi nyuma na kuuacha lunati peke yake juu ya mfupa wa kigasha. Hatua ya nne na ya mwisho, lunati yenyewe husukumwa mbele, ikapinduka na kuingia katika ile njia nyembamba ya kiganja, ikaukandamiza mshipa wa fahamu.

Kwa hiyo mtu anayeambiwa kwamba mkono umehama kutoka juu ya lunati, na mwingine anayeambiwa kwamba lunati imehama kutoka chini ya mkono, hawana magonjwa mawili tofauti. Hao wamesimama katika hatua mbili za njia moja. Yafaa pia ijulikane kwamba mara nyingi nguvu ya kuanguka haipiti katika kano peke yake. Huuvunja na mfupa wa skafoidi. Majeraha ya namna hiyo, yenye mvunjiko ndani yake, ni mengi kuliko yale ya kuhama kutupu.

Jeraha hili si la kila siku. Halimpati kwa kawaida mtu aliyejikwaa kizingitini, bali huhitaji nguvu nyingi: kuanguka kutoka mahali pa juu, au kwa mwendo wa kasi. Ndiyo maana huwapata zaidi vijana wa kiume walio katika umri wa kazi, ambao mikono yao ndiyo riziki yao.

DALILI ZAKE

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Taabu ya jeraha hili ni kwamba mawingu yake ni mepesi. Bega likitoka mahali pake, hata mtoto huona kwamba umbo limebadilika. Mfupa mmoja mdogo ukihama ndani ya kifundo, uvimbe huufunika upesi, na mkono huonekana kama mkono mwingine wowote uliovimba. Hata hivyo zipo dalili zipasazo kumfanya mtu mwenye busara atie shaka.

Ya kwanza ni namna ya kuanguka kwenyewe. Ikiwa mgonjwa alianguka kutoka mtini, darini au kwenye pikipiki, na akatua juu ya kiganja, basi asiambiwe kwamba ni kuteguka kidogo kabla hajachunguzwa.

Ya pili ni uvimbe wa kifundo kizima pamoja na maumivu makali yaliyo ndani, katikati, na mkono kukataa karibu kila mwendo. Kano iliyovutika huuma upande mmoja. Hapa kifundo chote huuma.

Ya tatu huonekana katika vidole. Lunati ikisukumwa kiganjani, vidole hukaa vimekunjwa nusu, na mgonjwa hulia akijaribu kuvinyosha au akinyoshwa na mtu mwingine.

Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni ganzi. Mgonjwa ahisi ganzi, au kama anachomwa na sindano nyingi ndogo, katika gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati. Kupima ni rahisi, wala hakuhitaji chombo cha thamani. Mgonjwa na afumbe macho, kisha aguswe kwa pamba ncha ya kidole cha shahada na baadaye ncha ya kidole cha mwisho. Kidole cha mwisho chapata hisia zake kutoka mshipa mwingine wa fahamu. Ikiwa hicho chasikia vema na cha shahada hakisikii, ule mshipa tuliomwomba msomaji aukumbuke umebanwa, na jambo hilo ni la haraka.

Ya tano: chini ya gumba, upande wa mgongo wa mkono, pana kidimbwi kidogo kionekanacho gumba likinyoshwa. Pakiuma pabonyezwapo, huenda mfupa wa skafoidi umevunjika.

PICHA YA UBAVUNI

Katika mwaka 1814 mpasuaji wa Dublin, Abraham Colles, aliandika habari za mvunjiko wa ncha ya mfupa mkubwa wa kigasha, ambao watu waliomtangulia walizoea kuudhani kuwa ni kifundo kilichoteguka. Aliutambua kwa mikono yake, kwa kuwa siku hizo hapakuwa na njia ya kuona ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Njia hiyo ilipatikana mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipogundua miali ya eksirei huko Ujerumani. Na picha yake iliyopata sifa kuliko zote ilikuwa ya mkono, mkono wa mkewe. Tangu hapo mifupa minane ya kifundo haikuwa siri tena.

Hata hivyo, miaka mingi baada ya ugunduzi huo, kosa lingali linatendeka, ila sasa limegeuka upande. Zamani mfupa uliovunjika ulidhaniwa umeteguka; leo mfupa uliohama hudhaniwa ni kano iliyovutika tu. Mwaka 1993 Guillaume Herzberg, mpasuaji wa Lyon nchini Ufaransa, pamoja na wenzake, walikusanya habari za wagonjwa 166 wa majeraha haya kutoka hospitali kadhaa. Waliona kwamba 41 kati yao, yaani mmoja katika kila wanne, hawakutambuliwa hapo mwanzo. Nao hawakuwa watu wa vijiji visivyo na mashine. Ikiwa penye vyombo na wataalamu robo ya wagonjwa waliponyoka, basi sisi hatuna budi kuwa waangalifu zaidi.

Sababu moja kubwa ya kuponyoka huko ni kutazama picha moja ambapo zilihitajika mbili. Picha ipigwayo mkono ukiwa umelazwa juu ya meza yaonyesha mifupa yote minane imepandana, na jicho lisilozoea huridhika kwamba hakuna uliovunjika. Hata katika picha hiyo zipo ishara. Mtaalamu wa Marekani, Gilula, alionyesha mwaka 1979 kwamba kingo za safu hizo mbili huandika mistari mitatu ya mviringo iliyo laini. Mstari ukikatika au ukiingia ngazi, pana mfupa uliohama. Tena lunati, ambayo kwa kawaida huonekana kuwa na pande nne, ikipinduka huonekana kama pembetatu. Na nafasi iliyo baina ya skafoidi na lunati ikizidi milimita 3, kano zilizo kati yao zatiliwa shaka.

Lakini shahidi wa kweli ni picha ya pili, ile ipigwayo mkono ukiwa umesimama kwa ubavu wake. Katika mkono mzima, mfupa wa kigasha, lunati na kapitati hukaa katika mstari mmoja, kila mmoja katika kiti cha mwenzake. Kapitati ikiwa imerudi nyuma na kiti chake ki tupu, mkono umehama. Lunati ikiwa imeinamia kiganjani kama kikombe kilichomwaga chai, lunati ndiyo iliyohama. Picha hiyo yapasa ipigwe kwa ubavu hasa, si mshazari, maana mkono ukipinda kidogo tu mifupa hufunikana na ushahidi hupotea.

MATIBABU

Msaada wa kwanza ni mwepesi, na kila mtu aweza kuutoa. Mkono ulazwe juu ya banzi, iwe ubao mwembamba au gazeti lililokunjwa mara nyingi, na ufungwe bila kukazwa. Pete na bangili zitolewe upesi kabla uvimbe haujazidi. Mkono utundikwe shingoni kwa kitambaa au khanga, vidole vikiwa juu kuliko kiwiko. Usivutwe, usichuliwe, usikandwe. Kisha mgonjwa apelekwe penye mashine ya eksirei siku hiyo hiyo.

Hospitalini kazi ya kwanza ni kuurudisha mfupa mahali pake. Hii si kazi ya nguvu bali ya utulivu. Mgonjwa hupewa dawa ya ganzi au ya usingizi, ili misuli ya mkono ilegee. Vidole hutundikwa juu, kiwiko kikiwa kimekunjwa, na uzito hufungwa juu ya mkono ili kuuvuta taratibu kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Mifupa ikishaachiana nafasi, tabibu huukunja mkono nyuma huku gumba lake likiizuia lunati kwa upande wa kiganja, halafu huukunja mbele ili kichwa cha kapitati kiingie tena katika bonde lake. Mkono hutiwa katika banzi la plasta, na picha hupigwa upya kuthibitisha.

Hapo wagonjwa wengi hudhani mambo yamekwisha. La, hasha! Mfupa umerudi, lakini kano zilizokuwa zikiushika zingali zimekatika, na plasta pekee mara nyingi haiwezi kuuzuia usihame tena. Ndiyo maana kwa kawaida hufuata upasuaji. Kano hushonwa, mifupa hushikizwa kwa nyaya nyembamba za chuma, na skafoidi ikiwa imevunjika nayo huungwa. Nyaya hizo hukaa kwa muda wa wiki 8 au zaidi. Ikiwa mfupa umekataa kurudi, au ganzi ya vidole yazidi hata baada ya mfupa kurudi, upasuaji haungoji: ile njia nyembamba ya kiganja hufunguliwa mara moja ili mshipa wa fahamu upate nafasi.

Baada ya hapo ni mazoezi ya miezi mingi. Yatupasa kusema kweli ili mgonjwa asidanganyike: hata mkono uliotibiwa mapema na vema huenda usirudi kama ulivyokuwa. Hukakamaa kiasi, na nguvu ya kushika hupungua. Katika wagonjwa wa Herzberg zaidi ya nusu walionekana baadaye kuwa na dalili za kulika kwa viungo katika picha zao. Lakini mkono wa namna hiyo bado hushika jembe, hushika kalamu, na humlisha mwenyewe.

WALIOCHELEWA

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki sita hivi zikipita, makovu huwa yamekwisha kujaza kiti cha mfupa uliohama, na kuurudisha kwa kuvuta hakuwezekani tena. Mpasuaji aweza kujaribu kuufungua mkono na kuupanga upya, lakini matumaini yamepungua. Penye uharibifu mkubwa hubaki njia mbili. Moja ni kuiondoa mifupa mitatu ya safu ya kwanza, ili kapitati ikae juu ya mfupa wa kigasha yenyewe. Mkono hupata kuinama kidogo bila maumivu mengi. Ya pili ni kukigandisha kifundo kizima kiwe mfupa mmoja. Maumivu hukoma, na mwendo hukoma pamoja nayo. Na mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu huenda usipone kabisa, hata gumba likakosa nguvu ya kubana na vidole visijue kilichoshikwa.

Hatusemi haya kwa kuwadharau waunga mifupa wa jadi. Wapo miongoni mwao wenye mikono myepesi na uzoefu wa miaka mingi, na watu wengi vijijini huwaendea kwa kuwa wako karibu na wana lugha ya upole. Lakini mfupa huu umefichwa na uvimbe, na kichwa chake kimelala katikati ya mishipa na kano. Hakuna kidole, kiwe cha mkandaji au cha daktari, kiwezacho kuuona bila picha. Mwunga mifupa mwenye hekima ni yule asemaye, “Mwanangu, mkono huu umeanguka kutoka juu, na vidole vina ganzi, nenda ukapigwe picha kwanza.” Neno hilo halimpunguzii heshima, bali lamwongezea.

Kwa ndugu zetu walio katika zahanati na vituo vya afya twasema mambo matatu. Muulizeni mgonjwa alianguka kutoka wapi. Pimeni hisia za vidole vyake na kuziandika. Na penye mashine, takeni picha ya ubavuni, muitazame wenyewe. Pasipo na mashine, barua ya kumpeleka hospitali ya wilaya au ya mkoa ni matibabu pia. Kutoka huko mgonjwa aweza kufikishwa penye wapasuaji wa mifupa, kama vile Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, au hospitali za rufaa za KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza.

Turudi kwa mkwezi tuliyemtaja mwanzoni. Tuseme ameanguka asubuhi, na jioni amekaa barazani, mkono umevimba, vidole vimekunjamana, na jirani amekwisha kuinjika maji ya moto jikoni. Yeye mwenyewe asema si kitu, umeteguka tu. Kesho kutwa atapanda tena. Mtu wa nyumba hiyo aliyeyasoma haya na amguse ncha ya kidole cha shahada, kisha cha mwisho, na kumwuliza kama vyasikia sawasawa. Akijibu kwamba havisikii sawa, maji na yaepuliwe, mkono ufungwe banzi, na gari litafutwe usiku huo huo. Na hata akijibu kwamba vyote vyasikia, ikiwa kifundo chakataa kuinama, kesho asubuhi na mapema asielekee minazini, bali hospitali.